Injini ni makelele, lakini Makelele mwenyewe yuko nyuma

TUSEME ukweli, shabiki wa mpira ni mtu wa mbele. Anamjua mfungaji, anamjua anayetoa pasi ya mwisho, anajua hata namba tisa wa timu pinzani alitokea wapi. Muulize jina la beki wa akiba wa timu yake, utamwona anakuna kichwa. Ndivyo tulivyo, na ugonjwa huo tumeubeba hadi kwenye michezo mingine.

Angalia zile video za magari ya matope kutoka Marekani zinazozunguka kwenye simu zetu kila wikiendi. Pikapu imenyanyuliwa juu, imevaa matairi yenye meno kama ya trekta, inaingia dimbwini kwa kishindo, tope linaruka juu kuliko paa la nyumba. Kila anayetazama huuliza swali moja: ile injini ina farasi wangapi? Sijamsikia hata mmoja akiuliza: nyuma wamefunga nini?

Nasema swali la nyuma ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Mbio za matope zinashindwa na kushinda pale ekseli ya nyuma inaposhikana na chasisi. Na nasema hivi kwa sababu vijana wetu wa gereji, kuanzia Gerezani pale Dar mpaka Grogan kule Nairobi, nao wameanza kuyatengeneza magari ya aina hii kwa ajili ya mashindano ya porini, na wengi wanaiga kile wanachokiona kwenye simu. Kuiga huko kuna gharama, na si ya fedha tu.

Twende taratibu.

MAKELELE WA GARI

Mwaka 2003 Real Madrid walimleta David Beckham, na majira hayo hayo wakamuachia Claude Makelele aende Chelsea. Kwenye karatasi ilionekana biashara nzuri. Umeongeza staa, umepunguza mtu asiyefunga mabao. Matokeo yake mnayakumbuka. Madrid hawakuuona tena ubingwa wa Hispania mpaka msimu wa 2006/07. Chelsea, wakiwa na huyo huyo asiyefunga, walibeba Ligi Kuu ya England msimu wa 2004/05 wakiruhusu mabao 15 tu katika mechi 38.

Kwa Kiswahili jina lake ni kelele nyingi, lakini mwenyewe alikuwa mtu wa kazi za kimya. Alikuwa anasimama mahali sahihi ili wenye majina wapate nafasi ya kung'ara.

Suspensheni ya nyuma ndiyo Makelele wa gari la matope. Injini inapiga kelele, inapigwa picha, inasifiwa. Lakini nguvu ya injini haina maana hadi ifike kwenye tope, na njia ya kufika huko inapita nyuma. Kama nyuma pamefungwa vibaya, kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyoongeza matatizo. Ni kama kununua mshambuliaji wa bei mbaya halafu kiungo hakuna. Mpira hautamfikia.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wasioufahamu, mbio za matope ni mchezo wa zamani kwa Wamarekani, hasa majimbo ya kusini. Kule Naples, Florida, wamekuwa wakishindanisha magari ya kinamasi tangu 1949. Hata Grave Digger, lile gari maarufu linaloruka juu ya magari mengine viwanjani, lilianza maisha yake mwaka 1982 kama gari la matope. Dennis Anderson wa North Carolina alichukua pikapu ya Ford ya mwaka 1952 akaingia nayo topeni.

Viwanja viko vya aina mbili kubwa. Kuna kile cha tambarare, ambapo shimo refu limejazwa tope na gari linakwenda moja kwa moja kwa kupambana na saa. Halafu kuna kile cha mashimo na vilima, ambapo chini ya tope kuna mabonde na matuta, na gari linapanda, linashuka, linaruka, linatua.

Hapo tu fundi anatakiwa aanze kufikiri. Kwenye tambarare wapo wanaofunga nyuma kwa ugumu mkubwa, wengine bila springi kabisa, kwa sababu hakuna mashimo ya kufuata. Ukichukua gari hilo ukalipeleka kwenye mashimo litarukaruka kama mpira wa tenisi. Na gari laini la mashimo ukilipeleka tambarare litakaa chini kwa nyuma, pua juu, huku mwenzako anakwenda. Mchezaji wa mpira analijua hili bila kufundishwa: huvai njumu fupi kwenye uwanja ulionyeshewa. Lakini kwenye magari tunataka njumu moja kwa viwanja vyote, tena njumu aliyovaa staa wa video.

NYUMA KUNATOKEA NINI?

Ili tuelewane inabidi tuingie uvunguni kidogo.

Dereva anapokanyaga mafuta, injini inazungusha matairi kwenda mbele. Kila nguvu ina majibu yake. Tairi likizunguka kwenda mbele, nyumba ya ekseli inataka kuzunguka kinyume chake, kwa hiyo pua ya difu inataka kunyanyuka juu. Kitu kinachoizuia isizunguke ni suspensheni. Ndiyo maana nasema suspensheni ya nyuma haibebi mzigo tu. Inapokea mapigo yote ya injini.

Kwenye pikapu ya kawaida, kazi hiyo inafanywa na springi za majani, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine kama za lori. Ni vyuma vya heshima. Vinabeba uzito, vinashika ekseli isiende mbele wala nyuma, vinaizuia isihame pembeni, yote kwa pamoja. Ni mchezaji anayecheza namba nne kwa mshahara mmoja.

Tatizo linakuja ukiongeza injini kubwa na matairi makubwa. Springi inapinda na kuchukua umbo la herufi S. Pua ya difu inapanda. Mara tairi linateleza, mzigo unapungua, springi inajirudisha kwa nguvu. Tairi linashika tena, springi inapinda tena. Mzunguko huo ukijirudia haraka haraka nyuma kunaanza kudunda, gari linatetemeka lote, watazamaji wanadhani ni nguvu nyingi. Kumbe ni nguvu inayopotea. Tairi linalodunda halisukumi tope, na kila kidundo ni nyundo kwenye joint za propela, kwenye meno ya difu na kwenye springi yenyewe. Kitu kitakatika, ni suala la muda tu.

Sasa tazama wanachofanya wengi wakitaka kulinyanyua gari. Wanaweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Gari linapanda, linapendeza, linapigwa picha. Lakini kipande hicho kimeiongezea ekseli mkono wa kuipindulia springi. Umeinunulia ekseli mtaimbo. Kile kidundo kilichokuwa kidogo kinakuwa kikubwa.

MIKONO MINNE NA HESABU YAKE

Wamarekani walilitatua tatizo hili, na magari ya juu yote leo yanafuata mkondo huo. Bob Chandler, baba wa Bigfoot kule Missouri, mwaka 1989 alitoa Bigfoot namba 8 lenye chasisi nzima ya mabomba na suspensheni ya mwendo mrefu inayotuliwa na shokapu za gesi ya naitrojeni. Kabla ya hapo magari mengi ya aina hiyo yalikuwa mazito, yamekalia springi ngumu. Baada ya hapo namna ya kuyaunda ilibadilika. Mapinduzi yale hayakuanzia kwenye injini.

Mfumo unaotumiwa zaidi unaitwa mikono minne. Ekseli inashikwa na mikono miwili ya chini na miwili ya juu inayokwenda kwenye chasisi, halafu koili na shokapu zinafanya kazi ya kubeba na kutuliza tu. Kila mtu ana namba yake. Ni mfumo mzuri, na ninaupenda. Lakini una hesabu, na hesabu ndiyo inayorukwa.

Chukua tairi la inchi 44. Kutoka katikati ya ekseli hadi chini ni inchi 22. Tuseme mikono ya chini imefungwa usawa wa katikati ya ekseli, na ile ya juu imefungwa inchi 11 juu yake. Matairi yakisukuma kwa nguvu ya tani mbili, mikono ya juu kwa pamoja inavutwa kwa tani nne, na ile ya chini inakandamizwa kwa tani sita. Umesoma vizuri. Msukumo wa tani mbili umezaa tani sita kwenye mikono ya chini.

Sasa fundi anaona nafasi haitoshi chini ya bodi, anaipunguza ile inchi 11 kuwa tano na nusu. Haoni tofauti kwa macho. Lakini mikono ya juu sasa inavutwa kwa tani nane, ya chini inakandamizwa kwa tani kumi. Na hiyo ni kabla gari halijaruka na kutua huku mafuta yamekanyagwa. Ndiyo maana mafundi wa kule wana kanuni yao ya kuanzia: nafasi kati ya mkono wa juu na wa chini pale kwenye ekseli iwe kama robo ya urefu wa tairi. Inchi 44, robo yake ni 11. Hesabu ya darasa la nne.

Kuna na jambo la pili, mwelekeo wa mikono. Ukiitazama kwa ubavu, mikono ya juu na ya chini ikirefushwa kwa mawazo itakutana mahali fulani mbele. Mahali hapo ndipo panapoamua nyuma kutafanya nini gari likiondoka. Pakiwa mahali sahihi, msukumo wa matairi unalisaidia gari lisikae chini, na matairi yanakandamizwa topeni. Mafundi wanapima kwa asilimia: kwenye 100 nyuma hakushuki wala hakupandi. Ukizidisha sana, nyuma kunanyanyuka ghafla, tairi linapata pigo la kwanza zuri halafu linapoteza uzito, na kile kidundo tulichokimbia kwenye springi kinarudi kwa mlango mwingine. Ukipunguza sana, nyuma kunakaa, pua inapanda, matairi ya mbele yanaelea. Na gari la matope linavuta kwa matairi manne, linakata kona kwa yale ya mbele. Dereva anageuza usukani, gari linaendelea na safari zake.

Mnaona? Sio kuchomelea vyuma vinne tu.

KUIGA GUARDIOLA BILA MABEKI WAKE

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi vijana, na najua watanirushia mawe.

Nasema hivi: kwa gari linalotengenezwa kwa bajeti ya kawaida, bila vipimo, bila bomba la chuma sahihi na bila joint za maana, springi za majani zilizofungwa vizuri ni bora kuliko mikono minne iliyoigwa.

Tumeliona hili kwenye mpira. Guardiola anaanzisha mpira kwa kipa, mabeki wanapigiana pasi ndani ya boksi, dunia inapiga makofi. Kesho yake timu ya daraja la chini inaamua nayo iwe ya kisasa. Kipa anampa beki, beki anababaika, goli. Tena goli. Mfumo hauna kosa. Wachezaji wa kuucheza ndio hawakuwepo. Timu hiyo hiyo ingepiga mpira mbele, ikafunga nyuma na kupigania kila mpira wa pili, ingepata pointi. Morocco walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 wakiwa wameruhusu bao moja tu katika mechi tano, nalo walijifunga wenyewe. Hawakumuiga mtu. Walijua walicho nacho, wakakipanga.

Springi za majani zinataka msaada mmoja mkubwa: mkono wa kuizuia ekseli isijizungushe. Ni chuma imara kinachotoka kwenye ekseli kwenda mbele hadi kwenye chasisi, na mwisho wake wa mbele kinaning'inia kwenye kiungo kinachocheza, ili springi iendelee kupanda na kushuka bila kubanwa. Ukikifunga kigumu pande zote mbili umeiua springi, maana inataka kusogea na chuma kinakataa. Kikifungwa ipasavyo, pua ya difu inatulia, kidundo kinakwisha, na nguvu zile zile ulizokuwa nazo jana leo zinafika topeni.

Watasema hii ni teknolojia ya kizamani. Sawa. Kwenye daraja la juu kabisa, ambako mtu ana vipimo na fedha, mikono minne itaishinda springi kila siku, hasa kwenye mashimo marefu. Silipingi hilo. Ninachopinga ni fundi kuuza koti la daraja la juu kwa kijana wa daraja la tatu, tena koti lililoshonwa kwa bomba la maji.

SAFARI RALLY ILIKWISHATUFUNDISHA

Hatuhitaji kwenda Florida kutafuta ushahidi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka yake yote miwili imekaa vichwani mwa wazee kwa matope: 1963 na 1968. Katika kila mwaka kati ya hiyo, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Saba, basi. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff, wote wawili ndani ya Peugeot 404.

Peugeot 404, jamani. Injini ya lita 1.6. Gari ambalo wazee wetu wanalikumbuka kwa kubeba abiria na magunia, wala sio kwa kutisha mtu barabarani. Lakini tazama nyuma yake. Koili laini zenye mwendo mrefu, na propela iliyofungiwa ndani ya bomba la chuma linalounganisha difu na giaboksi. Bomba lile ndilo lililokuwa linaizuia ekseli isijizungushe. Yaani kazi ile ile ya mkono niliousema hapo juu, Wafaransa waliitoa nayo kiwandani.

Najua rally ya maelfu ya kilomita si sawa na dimbwi la mita chache. Kwenye Safari kuna uvumilivu, kuna kusoma njia, kuna bahati ya mvua imenyesha wapi. Nowicki naye alikuwa dereva kweli kweli. Lakini kama nguvu za injini ndizo zingekuwa zinaamua matopeni, lita 1.6 isingeshinda mara mbili, tena miaka ile mibaya kuliko yote.

Na mvua haijaondoka. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, tumeona mavumbi laini yakigeuka uji mara wingu likipasuka. Mwaka 2024 na 2025 ilifanyika Machi, wakati mvua ziko mlangoni. Mwenye macho aliona magari yanayoteleza kwa adabu na yale yanayopigana na dereva wake.

UTARATIBU WA KUFUNGA

Basi kwa kijana anayesoma ukurasa huu baada ya kuangalia msimamo wa ligi, mambo ya kufanya ni haya, kwa mpangilio.

Pima gari likiwa na dereva ndani na mafuta kwenye tangi. Gari tupu linakudanganya. Pima uzito wa kila kona kama unaweza. Kama huwezi, angalau pima urefu kutoka ardhini kila upande, kwenye sakafu iliyo sawa.

Kisha toa koili au legeza springi, uipandishe ekseli hadi mwisho na uishushe hadi mwisho. Ukiwa chini pale angalia kila kitu: tairi linagusa bodi? Propela inachomoka? Joint imefika ukingoni? Bomba la breki linavutika? Haya ni bure kuyajua gereji, ni ghali kuyajua topeni.

Weka mikanda ya kuizuia ekseli isishuke kupita kiasi, na raba za kuizuia isipande kupita kiasi. Shokapu haikuumbwa kuwa kizuizi. Ukiiacha ifanye kazi ya mkanda, itang'oka na sehemu ya chasisi.

Angalia pua ya difu. Kwa gari la springi, iache imeinama kidogo chini likiwa limesimama, kwa sababu ikipata nguvu itapanda. Ukiifunga sawasawa kwa macho wakati imesimama, itakuwa imepinda wakati wa kazi.

Shokapu zijazo ni za kusikiliza. Zikirudi polepole mno, tairi linaingia shimo la kwanza, halijashuka vizuri linakutana na la pili, la tatu, na gari linazidi kukaa chini. Zikirudi haraka mno, nyuma kunarushwa juu kila tuta.

Usisahau kwamba propela inapozunguka inataka kuipindua ekseli kwa ubavu pia. Tairi moja la nyuma linakandamizwa zaidi, jingine linapungukiwa uzito. Ndiyo sababu unaliona gari linavutia upande mmoja ingawa difu imefungwa na usukani umenyooka. Stabilaiza ya nyuma inasaidia, lakini ikiwa ngumu sana itanyanyua tairi kwenye mashimo. Tafuta kati.

Halafu jaribu. Badilisha kitu kimoja, jaribu tena. Mpe rafiki simu arekodi kwa pembeni, sio kwa mbele. Video ya mbele ni ya kujionesha, ya pembeni ndiyo inayokuambia kama nyuma kunadunda. Anayebadilisha vitu vitano kwa siku ni sawa na kocha anayefanya mabadiliko matano dakika ya 46. Akishinda hajui kwa nini, akifungwa hajui kwa nini.

Na ukimaliza osha uvungu, kagua kila kiungo kwa mkono. Tope linaficha ufa.

WANAOSIMAMA KANDO NI AKINA NANI?

Nimeanza kwa Makelele na mzaha kidogo, lakini hili la mwisho halina mzaha.

Mkono wa chini ukikatika upande mmoja gari likiwa kwenye mafuta, ekseli inakaa mshazari. Kuanzia hapo nyuma ndiko kunakoshika usukani. Dereva anageuza kushoto, gari linakwenda kulia. Na kulia pale, kama tunavyojua mashabiki wetu walivyo, amesimama mtu na mwanawe begani, mita chache kutoka kwenye tope, anarekodi. Joint ya propela ikikatika bila pete za chuma za kuizuia, ile shafti inaweza kuchimba ardhi na kulinyanyua gari, au kuingia ndani alipo dereva.

Hatari hizi hazisomeki kwenye karatasi ya nguvu za injini. Zinasomeka kwa kulala chini ya gari na tochi. Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwa waandaaji wa mashindano ya porini na matopeni katika ukanda wetu: mkaguzi aingie uvunguni. Helmeti na mkanda wa kiti vinaonekana, vinakaguliwa, vizuri. Lakini akague pia bomba la mikono ni la aina gani, limechomelewaje, pete za propela zipo au hazipo. Gari lisilo na jibu likae nje, hata kama mwenye nalo ndiye mdhamini. Na kamba ya mashabiki isogezwe nyuma, hata kama watapiga kelele.

Kwa vijana wenye magari: fedha ya kwanza iende nyuma, ya pili iende injini. Ukiwa na nyuma kunakoshika, injini ya kawaida itakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Kinyume chake hakiwezekani.

Kwa sisi wa kurasa za michezo, tuanze kumwandika fundi. Dereva akishinda tunataja jina lake, kabila la gari lake na rangi ya helmeti yake. Aliyekesha akipima zile inchi 11 hatajwi. Kwenye mpira tulichukua miaka mingi mpaka tukajifunza kumpigia makofi kiungo mkabaji, na leo hakuna kocha anayethubutu kuanza mechi kubwa bila yeye. Mafundi wa nyuma nao wana zamu yao, na itafika mapema zaidi kama mashabiki wataanza kuuliza swali sahihi.

Wikiendi hii video nyingine itakuja kwenye simu yako. Izime sauti, kisha tazama tairi la nyuma. Likitulia topeni, huyo dereva ana fundi. Likidunda, ana injini tu.